Nani Apande Injini na Mzee Mihayo?

Sogeeni, nafasi ipo. Nitawasimulieni jambo hili mpaka pale lilipokwama, na kila mwenye jibu akae nalo mdomoni kwanza, asilitoe kabla sijanyamaza.

Walikuwapo Dar es Salaam watu watatu, kila mmoja na kipaji chake.

Wa kwanza ni Kalunde. Kipaji chake kilikuwa kung'ang'ana. Hakuwa mtu wa kupayuka wala kugombana. Akikuomba jambo ukamkatalia, aliaga vizuri akaenda zake, na kesho yake yuko mlangoni kwako na salamu zile zile na ombi lile lile.

Wa pili ni Masanja, mdogo wake Kalunde. Kipaji chake kilikuwa mikononi. Alikuwa na karakana ya kuchomelea vyuma Buguruni, na chuma alichokishika yeye kilikubali kuwa chochote alichotaka kiwe. Maneno ndiyo yaliyomshinda.

Wa tatu ni Bi Tabu, mjane wa mchochea moto wa gari moshi, jirani yao wa ghorofa ya tatu. Kipaji chake kilikuwa kutuliza watu. Mtoto akishikwa na degedege, mwanamke akifiwa, jengo zima lilijua ni mlango upi wa kubisha. Akikaa karibu yako, pumzi zako zilianza kufuata zake.

Katikati ya hao watatu alikuwapo Mzee Mihayo Kapela, baba yao Kalunde na Masanja, dereva wa gari moshi tangu enzi za injini za mvuke mpaka alipostaafu. Mzee huyu aliishi na Kalunde ghorofa ya nne, katika jengo walilopewa zamani wafanyakazi wa reli. Lifti ya jengo hilo iliharibika, ikatengenezwa, ikaharibika tena, mwisho wakaigeuza stoo ya mafagio. Siku moja mzee akateleza ngazini, akavunjika nyonga. Hospitali ikamtibu, wakampandisha kwa machela, wakamlaza. Tangu siku hiyo hakushuka tena.

Nyonga ilipona kiasi. Aliweza kusimama, akajikokota mpaka chooni. Woga ndio ambao haukupona. Kila alipofika mlangoni akaziona ngazi zinavyozama gizani, jasho lilimtoka, akageuza. Dunia yake ikabaki kitanda, kiti na dirisha. Na dirisha lenyewe lilitazama ukuta wa jengo la jirani, wa rangi ya njano, karibu mno hata anga haionekani. Mzee aliujua ukuta ule ufa kwa ufa. Jua likipanda, chumba kiligeuka tanuri. Alfajiri honi ya treni ilipolia kwa mbali, alijigeuza upande wa pili kama mtu aliyetukanwa.

Basi, Jumapili moja Kalunde akaja na habari. Makumbusho ya jiji yangefunguliwa jioni ya Jumamosi ijayo, milango wazi mpaka usiku wa manane. Masanja alikuwapo, Bi Tabu alikuwapo, wakakaa mezani kuipanga jioni hiyo.

"Mchana joto litamchosha," alisema Kalunde. "Jioni ndiyo saa yake. Tuanze na jumba la picha, pana viti na choo kizuri. Halafu jumba la historia. Halafu tumalizie karakana ya zamani ya reli."

"Matatu ni mengi," alisema Bi Tabu. "La historia tuliache. Apumzike, anywe chai."

"Ninaye rafiki mwenye bajaji," alisema Masanja. "Itatungoja."

Mzee alikuwa anawasikiliza kama watu wanaogawana shamba la mtu ambaye hajafa. "Mnapanga safari ya nani?" aliuliza. "Mimi siendi popote. Niacheni hapa nilipo."

Kalunde akamgeukia. "Baba, pale karakana wamemtengeneza Bi Harusi."

Mzee akainua kichwa. Bi Harusi lilikuwa jina ambalo madereva waliipa injini moja ya mvuke, kwa sababu ya mstari mweupe uliomzunguka kiunoni. Mzee aliiendesha miaka mingi kuliko aliyoishi na mkewe.

"Wamemtengeneza vipi?"

"Watamwasha jioni hiyo. Atatoka bandani mpaka getini na kurudi. Mara moja tu, baba. Tangi lake limechoka, mafundi wamesema baada ya hapo moto hautawashwa tena."

Mzee akautazama ukuta wa njano. Mkono wake wa kulia ulijikunja wenyewe pale gotini, kama umeshika mpini.

Sasa sikilizeni kila mmoja alifanya nini.

Kalunde alikwenda kwa mkuu wa makumbusho ya reli, pale karakana ya zamani, mwanamke aitwaye Bi Nsekela, akaomba baba yake apande injini siku hiyo. Akakataliwa. Mgonjwa hapandishwi kwenye injini yenye moto. Kesho yake akarudi, akakataliwa. Siku ya tatu Bi Nsekela akamwambia, "Dada, unataka nikwambie kwa lugha gani?" Kalunde akajibu, "Sitaki uniambie mimi. Njoo umwambie yeye." Bi Nsekela akaja, akazipanda zile ngazi, akafika juu anahema na viatu mkononi. Akapewa maji. Akatazama kitanda, kiti, dirisha. Kisha akauliza, "Shikamoo mzee. Mara ya mwisho kukanyaga ardhi ilikuwa lini?" Mzee akafungua kinywa, akajaribu kukumbuka, akashindwa. Bi Nsekela akavaa viatu vyake. "Alhamisi alasiri nitakuja kusimama pale chini," alisema. "Nikimwona ameshuka salama, atapanda injini. Akishindwa kushuka kwake, mimi siwezi kumbeba kwangu."

Masanja alifunga karakana yake, akaacha mageti ya wateja, akatengeneza kiti. Kiti cha chuma chenye mikanda ya kifuani na mapajani, na chini yake vyuma viwili virefu vilivyovishwa mpira wa tairi, ili kiteleze taratibu juu ya kingo za ngazi huku yeye akikishikilia kwa nyuma kwa mkanda mpana. Alikijaribu kwa gunia la mchanga, akakikata, akakichomelea upya, akakijaribu tena kwa kukaa mwenyewe.

Bi Tabu alipanda kila alasiri, akamshika mzee mkono, wakaenda mlangoni. Siku ya kwanza walisimama tu kizingitini, wakarudi. Siku ya pili wakasimama nje ya mlango. Mzee alimtukana, akamwomba radhi. "Nitukane tu, shemeji," alisema Bi Tabu, "lakini usiniachie mkono." Jumatano wakakaa pamoja kwenye ngazi ya juu kabisa, wakala ndizi, wakatazama chini.

Alhamisi ikafika. Bi Nsekela akaja, akasimama chini na gari lake, Kalunde pembeni yake. Juu, Masanja akamfunga baba yake mikanda, akajipitisha ule mkanda mpana kifuani, wakaanza kushuka. Bi Tabu alitangulia kinyumenyume, anamtazama mzee machoni. Ngazi za ghorofa ya nne wakazimaliza. Za tatu wakazianza. Mzee akaanza hata kutabasamu.

Wakafika kwenye kona, kati ya ghorofa ya tatu na ya pili, na hapo kiti kikakwama.

Masanja alikuwa amepima ngazi za juu na ngazi za chini, akadhani zote ni moja. Kumbe kwenye kona ile walikuwa wamepitisha bomba jipya la maji ukutani. Mkono mmoja wa kiti ukaingia nyuma ya bomba, wa pili ukanasa kwenye nondo za ngazi. Akavuta, kikagoma. Akasukuma, kikajikaza zaidi. Ukuta ulikuwa umegusa bega la mzee upande huu, nondo zimemgusa goti upande ule, na mbele yake ngazi zinaporomoka kwenye giza lile lile alilokuwa akiliota.

"Nirudishe juu," alisema mzee.

"Hakirudi, baba."

"Basi nishushe!"

"Hakishuki."

"Nifungue basi! Nifungue mikanda!"

"Nikiifungua utaanguka, baba. Kaa. Nakuomba ukae."

Mzee akaanza kupigana na mikanda. Pumzi zikampaa. Alihisi vidole vyake vinakuwa vya baridi, akajua kwamba atafia pale, hayuko kwake wala hayuko chini, katikati ya ngazi kama mzigo uliosahauliwa.

Masanja aliubeba kwa kifua uzito wote wa kiti na wa baba yake, mkanda ukimkata nyama. Kwa mkono mmoja akatoa msumeno wa chuma kwenye mfuko wa suruali, akaanza kuukata mkono wa kiti alichokitengeneza mwenyewe.

Bi Tabu akakaa kwenye ngazi, akaikumbatia miguu ya mzee. "Shemeji, tumeshatoka stesheni. Inayofuata ni ipi?"

"Niache, Tabu!"

"Inayofuata ni ipi?"

"...Pugu."

"Halafu?"

"Soga. Halafu Ruvu."

"Ruvu mlikuwa mnasimama sana. Mlikuwa mnangoja nini?"

"Maji," alisema mzee. "Na mumeo alikuwa ananunua samaki." Pumzi zikaanza kushuka. Ngerengere. Mikese. Morogoro. Msumeno ukilia, vumbi la chuma likimwangukia mapajani, akaendelea: Kimamba, Kilosa. Alipofika Gulwe chuma kikakatika, kiti kikashtuka, na Masanja akakidaka kwa kifua kile kile.

Na Kalunde je? Haya mzee aliyajua alipofika chini, Bi Nsekela mwenyewe alimsimulia. Makelele yaliposikika kutoka juu, Bi Nsekela aliangalia saa, akasema, "Dada, tusilazimishe. Wako wazee wengine walioomba nafasi hii." Akaingia kwenye gari, akaliwasha. Kalunde akafungua mlango wa upande wa pili, akaketi, akafunga mkanda.

"Unafanya nini?"

"Nakusindikiza. Huko uendako utanirudisha, maana baba yangu yuko ngazini na mimi ndiye niliyekuahidi kwamba atashuka."

Bi Nsekela akazima gari. Baada ya muda akaliwasha tena. Kalunde hakuinua sauti. Akaanza kumweleza ule ukuta wa njano, ufa mmoja baada ya mwingine, kama alivyouzoea kwa kumwona baba yake akiutazama. Alikuwa bado anaeleza kiti kilipotokeza mlangoni.

Mzee Mihayo akatoka nje. Upepo ukampiga usoni, akasikia harufu ya mihogo inayokaangwa, akasikia watoto. Akaomba avuliwe ndala. Akakanyaga mchanga kwa nyayo zake, akavibana vidole ndani yake.

Bi Nsekela alifuta macho, akasema, "Mzee, Jumamosi unapanda. Mkono wako ndio utakaofungua mvuke, dereva wetu atasimama nyuma yako. Lakini sakafu ya injini ni mbovu, wahandisi wameruhusu watu watatu tu. Dereva, wewe, na mtu mmoja wa kukushika. Nitajie huyo mtu sasa hivi, lazima leo nimpeleke kwa wahandisi wamwelekeze."

Wote watatu wakatazamana.

Kalunde ndiye aliyeanza. "Baba, nilikuwa nakuletea chakula stesheni. Nilikuwa nakuomba unipandishe, unasema mtoto wa kike atachafuka. Nikangoja nikue. Nilipokua, injini za mvuke zikaondolewa."

Masanja aliangalia chini, shati lake limelowa damu pale kwenye mkanda. "Mimi sijawahi kufanya kazi na wewe, baba. Hata siku moja. Ulikuwa njiani wakati wote. Nilitaka tu nisimame karibu yako ukiwa kazini."

Bi Tabu akasema polepole, "Shemeji, unajua aliyekuwa anasimama hapo. Marehemu mume wangu Feruzi alichochea moto wako mpaka mapafu yakamwisha. Mimi sijui alikuwa anaona nini kutoka pale juu. Lakini hawa ni wanao. Usiponitaja, kesho nitapanda kukuletea uji kama kawaida."

"Nitapanda peke yangu," alisema mzee.

"Haiwezekani," alisema Bi Nsekela. "Lazima ushikwe."

"Basi wapige kura."

"Hapana, baba," alisema Kalunde. "Sema wewe." Masanja akatikisa kichwa vile vile. Bi Tabu naye akakataa.

"Basi nisipande kabisa."

Mzee mwenyewe aliona haya kwa aliyoyasema, baada ya yote waliyofanya.

Akawatazama mmoja mmoja. Bila Kalunde kusingekuwa na ruhusa, na Bi Nsekela angekuwa ameshaondoka. Bila Masanja angekuwa bado juu, au amevunjika shingo pale kwenye kona. Bila Bi Tabu asingevuka mlango wake, na moyo ungesimama ngazini kabla chuma hakijakatika. Kila jina alilolileta ulimini lilikuwa la haki, na kila alipotaka kulitoa aliwaona wawili waliobaki. Jua lilikuwa linazama nyuma ya majengo. Bi Nsekela alikuwa ameshika mlango wa gari.

"Mzee," alisema, "nani?"

Mzee Mihayo akavuta pumzi, akafungua kinywa.

Mimi naishia hapa. Sasa nyinyi mlionisikiliza, mkubwa kwa mdogo, jivikeni nafsi ya mzee huyo, nyayo mchangani, macho ya watu wake watatu yakiwangoja. Nafasi ni ya mtu mmoja, moto utawashwa mara moja tu. Je, wewe ungemtaja nani?