Mashengu Aliyeuliza Majina

Katika enzi za mababu wa mababu zetu, watu walipokimbia vita vya bondeni wakapanda milima ya Ighombe, kila ukoo ukajichagulia mgongo wake wa mlima na kujizungushia ua wa miiba, ndipo alipozaliwa Mashengu, mwana wa Kirigha, mjukuu wa Nambua mfua chuma; Mashengu Bega-la-Mlima, aliyeng'oa peke yake mawe yaliyowashinda wanaume kumi.

Masika moja mlima uliporomoka, ukaifukia nyumba iliyokuwa ng'ambo ya kijito cha Mashengu. Mashengu alivuka, akachimba kutwa nzima, akawatoa watu watano, wote wamezirai. "Wote wameshatoka," wakasema waliokuja kusaidia, wakaenda zao. Siku ya tatu mmoja alizinduka akauliza, "Bibi yetu Mkasiwa yuko wapi?" Walipochimba tena walimkuta amekufa kwenye uwazi chini ya boriti, kucha zimekatika kwa kukwaruza udongo.

Mashengu hakula siku ile. Alisimama mbele ya watu akanena: "Nimebeba mawe makubwa kuliko nyumba zenu, wala sikujua kwamba ng'ambo ya kijito changu anaishi mama mzee. Nguvu zangu zilikuwapo. Jina lake ndilo sikuwa nalo."

Akaanza kwenda nyumba kwa nyumba, mgongo kwa mgongo, mkungu wa ndizi begani, akiuliza nani analala humo. Wengi walimdhania mpelelezi. Mghange wa mgongo wa tatu alimpokea kwa mishale, naye Mashengu akaketi nje ya ua siku nne, akinyeshewa, mpaka mke wa Mghange, Wakesho, akatoka.

"Ingia, baba," akasema. "Unalowa, nasi tunaona haya."

Akaingia, akala nao, akajua kwamba binti yao Mkalua ana pumu na hulala jikoni penye joto. Alipoondoka alifuatana na Mghange, akamjulisha kwa jirani ambaye hawakuwa wamesalimiana naye kwa miaka kumi.

Mwaka wa saba, alfajiri, mlima uliiangukia nyumba ya Mghange. Migongo yote mitano ilikuja mbio. Mashengu alisimama juu ya tope akaita majina. Mghange akaitika, Wakesho akaitika, watoto wakaitika, wote wamejinasua topeni. Mkalua, kimya.

"Jikoni!" akanguruma. "Chimbeni jikoni!"

Wakafukua. Mashengu akaingia chini ya boriti, akaiinua kwa bega lake, na Wakesho akamvuta binti yake akiwa hai. Ndipo udongo uliposhuka mara ya pili, na Bega-la-Mlima hakutoka.

Walimchimba siku mbili. Hakuna aliyerudi nyumbani kwake mpaka alipopatikana, na watu wa migongo mitano wakamzika pamoja, wakang'oa nyua zao za miiba wakalifunika kaburi lake lisifukuliwe na fisi. Nyua hizo hazikujengwa tena. Hadi leo, kabla ya masika, kila nyumba hupika chakula ikavuka kwa jirani, ikauliza nani amezaliwa na nani anaumwa.

Mkalua aliolewa, akazaa watoto tisa. Sisi tulioketi hapa tumetoka tumboni mwake. Ahsante, Mashengu, mwana wa Kirigha. Ahsante, baba yetu.