Siti Yenye Nailoni

Tajiri Kiluvia alikuwa bingwa wa kuona kasoro, hasa siku ya kulipa. Siku moja alimpelekea Siwatu, fundi wa siti, gari lenye siti mbili za mbele za ngozi iliyopasuka kama visigino.

"Nazitaka kama mpya," alisema mbele ya mafundi wote wa gereji. "Nikiona uzee, naondoka na cherehani yako."

"Sawa, bosi. Mwenye jicho ni wewe."

Baada ya siku tatu alirudi. Siti ya dereva ilikuwa wazi, ya abiria imevikwa nailoni.

"Takataka!" alifoka, akiisukuma ya dereva kwa kidole. "Uzi umepinda, rangi ya kubahatisha!" Kisha akaipapasa ile yenye nailoni, akalainika. "Hii ndiyo siti! Umeagiza ng'ambo, eh?"

"Mimi nitasema nini, bosi, na jicho ni lako?"

"Nimezaliwa jana? Mpya kabisa hii, na wote hapa ni mashahidi! Kwa ile nyingine, lete cherehani."

Siwatu aliivua nailoni taratibu, akainua ukingo wa siti. Chini yake kulikuwa na kipande cha ngozi ya zamani, kimepasuka vilevile, na tundu ambalo Kiluvia mwenyewe aliliunguza kwa sigara.

"Hapa sikupaka dawa ya kuziba nyufa wala rangi, bosi, nisije nikaitwa mwongo. Zote mbili ni zako zilezile, mkono ni huu huu."

Mafundi walicheka mpaka spana zikawadondoka. Kiluvia alilipa bila kuhesabu.

Siwatu akaikunja nailoni. "Hii haiuzwi, bosi. Ni ya godoro la mama mkwe."