Nimeelewa, Mama

Mwalimu mmoja wa sekondari, mwenye shahada mbili na tai ya kuzithibitisha, alitaka kununua nyumba kwa mkopo wa benki. Kianzio chake kilikuwa kidogo, basi akamwomba mama yake, mjane, aiweke nyumba yake iwe dhamana ya ziada. Wakaenda benki pamoja.

Afisa mikopo, binti mmoja kijana, akasimama kuwapokea. "Shikamoo, mwalimu. Hunikumbuki? Ulinifundisha kidato cha pili."

"Marahaba. Nitakusahauje, na ulivyokuwa msumbufu."

Wakacheka. Hapo ndipo mwalimu alipofungwa mdomo, wapendwa. Atamwulizaje swali mwanafunzi wake?

Binti akaanza kuwasomea mkataba. Riba itakuwa ya kubadilika. Mdhamini anaweka mali yake rehani kwa deni lote pamoja na nyongeza zake. Mkopeshaji atakuwa na mamlaka ya kuuza. Kila kifungu anainua macho: "Hili unalijua, mwalimu."

"Kabisa. Endelea."

Kubadilika kwenda wapi? Kuuza nyumba ipi, hii mpya au ile ambayo mama anachomea vitumbua barazani pake? Swali likamfika kooni, akalimeza, akatikisa kichwa kukubali, akaweka tai sawa. Mnamcheka? Nani humu hajawahi kutikisa kichwa namna hiyo?

Mama hakuwa akitazama karatasi. Alikuwa akimtazama mwanawe.

"Baba, umeelewa?"

"Nimeelewa, mama. Ni utaratibu tu."

"Haya. Basi na mimi nimeelewa." Akasaini.

Nyumba ikapatikana. Kisha riba ikabadilika, na ikabadilika kwenda juu. Rejesho la kila mwezi likapanda, mshahara ukabaki palepale. Mwalimu akarudi kwa yule binti, safari hii bila tai.

"Nikishindwa kulipa, mnauza ipi?"

"Yoyote kati ya hizo mbili, mwalimu. Nilikusomea. Ukaniambia niendelee."

Akatoka hapo moja kwa moja hadi kwa mama, amweleze. Akamkuta barazani, anageuza vitumbua, anamwambia jirani: "Mimi sina wasiwasi wowote. Mwanangu alinielewea yote."

Mwalimu akakaa chini. Akapewa kitumbua. Akakishika mkononi mpaka kikapoa.

Wapendwa, benki haikumficha mtu kitu. Nasi pia hatufichwi. Tunakaa kwenye mabenchi haya tunasomewa toba, neema, upatanisho, tunaitikia Amina kwa sauti nzuri, na ukituuliza mlangoni tumekubali nini, tunaweka tai sawa. Ingekuwa hasara yetu peke yetu, ningenyamaza. Lakini pembeni yako kuna mtoto, kuna mwenzi, kuna mama, na hatazami madhabahu. Anakutazama wewe.

Kwa hiyo leo, kabla hujaitikia, geuka kwanza. Angalia ni nani ameshika kalamu, anasubiri kichwa chako kitikisike.