Barafu ya Lubondja

Maji ndiyo yaliyosikika kwanza. Yaligonga kuta za sanduku, chwa, chwa, chwa, nyuma ya mihogo, na akina mama wachache waliobaki kijijini Lubondja wakajua, kabla ya kumwona muuguzi Rosette, kwamba barafu imeyeyuka tena.

Akatokea na sanduku la chanjo kichwani, uso umelegea kama jani la mgomba lililopigwa na jua. Alikuwa ametoka mjini Baraka alfajiri, peke yake, kwa miguu. Vita vilikuwa vimemeza pikipiki, vikameza na mafuta. Aliyebaki na miguu ndiye aliyebaki na safari.

Adolphine alikuwa amemwogesha mwanawe Vainqueur na kumkalisha mlangoni tangu asubuhi. Surua ilikuwa imemchukua dada yake Vainqueur msimu wa mvua, na sasa ilikuwa imerudi katika kijiji cha jirani.

Rosette akafungua kifuniko. Chupa zilikuwa zinaelea. Chanjo iliyopata joto haimkingi mtu; akafunga.

Adolphine akamwambia kwamba wenzake walingoja hadi wakakata tamaa, wakaenda mashambani. "Kila Alhamisi we unatuletea maji," akaongeza. "Maji tuko nayo mutoni."

Rosette akaketi chini. Hata kukasirika kulihitaji nguvu, naye hakuwa nazo.

Haikuwa kwamba alikosa wa kumsaidia. Guy, mkulima aliyejitolea kuhudumia wagonjwa wa pale, alikuwa amemsihi mara nyingi wapokezane sanduku njiani. Rosette alikataa katakata. Zamani Guy alipolibeba, askari walimpiga, wakalichukua wapozee pombe yao. Tangu hapo Rosette aliapa kwamba mkono mwingine hautaligusa. Alikiita kiapo hicho uaminifu, kumbe kilikuwa kiburi kilichovaa nguo za kuazima.

Jioni, alipokuwa akikanda miguu yake kwa maji ya moto jikoni kwa Adolphine, Guy akaja, akachuchumaa.

"Dada Rosette," akasema taratibu, "mi nilibeba peke yangu, basoda ba bunduki bakaninyanganya. We unabeba peke yako, jua linakunyanganya. Tofauti iko wapi?"

Rosette akacheka kicheko cha mtu aliyechoka kubishana. Kisha akauliza nani angeweza kubeba, na kutoka wapi hadi wapi.

Wakapanga. Alhamisi ilikuwa siku iliyochaguliwa na bureau ya afya ya Baraka, ambako hakuna aliyejua mwanamke wa Lubondja anashika jembe siku gani. Wakachagua Jumapili, siku ambayo jembe hulala na ngoma ya kanisa hukusanya wote. Rosette angetangulia Jumamosi na sindano zake, apumzike. Sanduku lingeondoka Baraka usiku ukiisha, likibebwa na vijana wa kwaya ya huko wakitembea kundi zima. Mtoni lingepokewa na Guy na wenzake. Kwenye kilima cha mwisho, na Adolphine na akina mama.

Jumapili hiyo Rosette alikaa ukutani mwa kanisa, mikono mitupu. Mikono mitupu ilimchosha kuliko mzigo. Ibada ikaisha, watu wakabaki. Ndipo akasikia, nyuma ya mihogo, ko, ko, ko: vipande vya barafu vikigongana.

Vainqueur alichomwa wa kwanza, akalia kwa sauti iliyowachekesha wote. Lakini Rosette hakucheka sana, kwani kwenye foleni walikuwamo watoto ambao vipele vya surua vilikuwa vimekwisha kuwatokea. Hao chanjo ilikuwa imewachelewea, kwa Alhamisi zote zile.

Adolphine akamuuliza, kwa sauti ndogo, kama safari ijayo atarudia njia yake ya zamani.

Rosette akamshika mkono mbele ya watu. "Mama Vainqueur, mi nakuahidi, na hawa bote banasikia: hii sanduku sitaibeba tena peke yangu, na hapa hamutapokea maji tena. Kidole kimoja hakivunji chawa."