Shahidi Aliyechukiwa na Pande Zote Mbili

Inasimuliwa na waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji mmoja wa kale Kadhi Mkuu alifariki, na Amiri akamteua Luqman bin Hurayth kushika nafasi yake. Watu wa Msikiti wa Juu walifurahi, maana alikuwa mtu wao. Watu wa Msikiti wa Chini walinuna.

Kabla hajaapishwa, alijitokeza mwanamke mmoja, Rayhana binti Ubayd, akasema kwamba zamani, alipokuwa msichana akisoma nyumbani kwa Luqman, mtu huyo alimfungia mlango na kumshika kwa nguvu, naye akaponyoka. Luqman aliapa kuwa huo ni uzushi.

Mji ukachafuka. Wa Juu walimwita Rayhana mzinzi aliyetumwa na Wa Chini. Wa Chini walilitangaza jambo lake sokoni, wakiliongezea chumvi kila lilipopita. Ndugu wa tumbo moja waliacha kusalimiana.

Alikuwapo katika Msikiti wa Juu mcha Mungu aitwaye Dhakwan, ambaye binti yake alikuwa ameolewa na mtoto wa Luqman. Siku ile ya zamani, Dhakwan alimkuta Rayhana njiani, hana viatu wala ushungi, akilia. Alivua kilemba chake akamfunika, akamrudisha kwa mama yake. Hakuambiwa sababu.

Rayhana alipomtaja kuwa shahidi, wenzake walimwendea. "Sheikh, nyamaza. Ukisema, Wa Chini watatutawala."

Kisha Wa Chini nao wakaja. "Sema ulimwona Luqman akimfukuza. Neno moja tu, na haki itashinda."

Akawajibu wote, "Nitasema nilichokiona."

Mbele ya Amiri alieleza yote. Amiri akamuuliza, "Ulimwona Luqman akimgusa?"

"Sikumwona. Nilimwona binti akilia, akitoka upande wa nyumba ya Luqman. Allah ni shahidi yangu."

Wa Juu wakamwita msaliti. Wa Chini wakamwita mwoga. Amiri, akiwaogopa Wa Juu kwa wingi wao, akamwapisha Luqman.

Baada ya hapo Dhakwan hakupishwa tena katika safu ya sala. Binti yake alikatazwa kumtembelea, na wajukuu wake akawa anawaona kwa mbali tu, siku za Idi. Akasubiri, wala hakuyakana maneno yake.

Siku moja yeye na mkewe walikwenda kumjulia hali Rayhana. Walimkuta peke yake. Wale Wa Chini waliokuwa wakijaa uani kwake hawakuonekana tena.

"Walionitukana walilijua jina langu na la baba yangu," Rayhana alisema. "Walionitetea waliniita 'yule mwanamke' tu. Wewe, baba, ushahidi wako haukunisaidia."

"Najua, binti yangu."

"Lakini hukuniuliza mimi ni wa msikiti gani."

Dhakwan akainamisha kichwa. Mkewe akamshika Rayhana mkono.

Luqman alihukumu watu hadi uzeeni, akazikwa kwa heshima.

Ewe ndugu yangu, usingoje nikuambie kwamba aliaibika duniani, kwani hakuaibika. Mji mzima uligombana juu ya nani atapata kiti, na karibu kila mtu alisahau kuuliza kama binti yule alisema kweli. Tumwombe Allah atuepushe na kulipenda kundi letu kuliko haki Yake. Hesabu ya Luqman, na ya waliompigania na waliompinga kwa ajili ya nafsi zao, iko Kwake.