Fundi Lipu na Ukuta Ulio Wazi

Kulikuwa na fundi mmoja, wapendwa, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Lipu. Ukuta umepinda? Mwite. Umepasuka? Mwite. Atakuja na mwiko wake, atapaka, atalainisha, na mwenye nyumba atapitisha kiganja juu ya ukuta akitabasamu. Ufa umekwenda wapi? Umo humohumo ndani, ila haumsumbui mtu.

Basi zikaja habari kwamba serikali inaleta mashine ya kuchapa majengo. Haitumii tofali, inakamua zege kutoka kwenye bomba, tabaka juu ya tabaka, kama wewe unavyokamua dawa ya meno, na ukuta unapanda. Ingeanza na madarasa ya shule ya mtaani kwao. Fundi wetu chakula kikamshinda. Mkewe akamwambia asijitie presha, mbona wamesema mafundi wa zamani watafundishwa kuiendesha. Mnadhani alikuwa anaogopa kukosa kazi? Hata yeye alidhani hivyo.

Asubuhi akaenda kuiona. Injinia, binti wa rika la mwanawe wa mwisho, akamwamkia vizuri, akamwonyesha ukuta mpya uliofika kiunoni, mistari ya zege yote ikionekana.

“Na lipu atapiga nani?” akauliza fundi.

“Hatupigi, mzee wangu. Ukuta unabaki hivihivi. Tukikosea panaonekana, tunabomoa tunaanza upya.”

Fundi akajifuta jasho, na jua lilikuwa bado halijawa kali. Injinia akanyoosha kidole kwenye darasa la mwisho, ambamo watoto wa darasa la pili, mjukuu wa fundi akiwa mmoja wao, walikuwa wakiimba silabi.

“Haya mengine yote tunayavunja. Lile tunaliacha, wakaguzi wamelipitisha. Ukuta wake umenyooka, safi kabisa. Unamjua aliyeutengeneza?”

Alimjua sana. Mvua za mwaka juzi ukuta ule ulipata ufa wa kuingiza mkono, na mwalimu mkuu wa wakati huo, ambaye alishahama, alitaka mambo yaishe haraka. Akaitwa yeye, akaupaka lipu. Sasa pale shuleni hakuna mwingine aliyejua kilichomo ndani ya ukuta ule.

Mtaniuliza alijibu nini. Sijui, wapendwa, kwa sababu bado amesimama pale. Watoto wanaendelea kuimba.

Na fundi huyo yumo humu ndani leo, amekaa kwenye mabenchi haya. Ni sisi. Kila jambo jipya likija tunaomba lisifike, kumbe tunachoogopa ni ukuta usio na lipu. Ndoa imepasuka, tunapaka. Mtoto amekuwa mnyonge tangu mjomba fulani ahamie nyumbani, tunapaka, na wageni wanatusifu kwa familia nzuri. Lakini siku ukuta utakapoanguka, nani atakuwa amekaa chini yake? Wale tunaosema tunawapenda.

Haya, injinia anangoja. Mjibu.