Limbuko la Bi Pimbi

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa nini?
Pakawa bustani.
Bustani ya nani?
Ya Bi Pimbi.
Na anayekula ni nani?
Tulieni, anakuja!

Kule Nyika ya Mawe, Bi Pimbi alikuwa na watoto watatu na bustani moja ya kunde. Jirani yake, Babu Faru, alikuwa na pembe mbili na cheo kimoja: Mwonja Malimbuko. Mila ilisema mkubwa ndiye aonje mavuno ya kwanza. Ilisema pia kwamba limbuko likilikataa tumbo la mwonjaji, bustani hiyo ni mwiko kwake maisha. Babu Faru aliipenda sana mila, ile nusu ya kwanza.

Kunde zikakomaa. Babu akaja, tindi, tindi, tindi!

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nimekuja kuonja."

"Mwaka huu ni chungu, Babu."

"Nitajikaza."

Mng'wa, mng'wa, mng'wa! Akaonja tuta la kwanza. Akaonja la pili. Akaonja na wigo.

"Babu, huko si kula?"

"Kula ni mpaka kushiba. Umeniona nimeshiba?"

Watoto wakatafuna magome msimu mzima.

Bi Pimbi akapanda kunde tena. Pembeni akapanda mdagu, ule wa jangwani wenye maua mekundu, ambao utomvu wake wawindaji hupaka kwenye mishale. Wapo wanaosema alipanda mbegu tisa. Zilikuwa saba. Alizifukia kidogo tu kwenye mchanga wenye kokoto, akazinyunyizia maji kwa ncha ya mkia. Na kwa kuwa pimbi hana mkia, mchanga ukabaki mkavu, jambo ambalo mdagu hulipenda. Mbegu sita zilibebwa na siafu; siafu hao hawakuonekana tena. Ya saba ikapata umande, ikaota. Bi Pimbi akaificha chini ya chungu chenye ufa.

Kunde zikakomaa. Babu akaja, tindi, tindi, tindi!

"Mwaka huu zina mapepo, Babu."

"Tutazungumza nayo tumboni."

Mng'wa, mng'wa, mng'wa! Watoto wakarudi kwenye magome, na mdogo wao akaanza kuishiwa nguvu za kulia.

Msimu wa tatu, kunde zingali changa, mdagu ukavimba shina kama kitambi, ukapasua chungu, ukachanua. Babu akauona kutoka mbali. Tindi, tindi, tindi!

"Nini hicho chekundu?"

"Sumu, Babu."

"Ya kufanya nini?"

"Ya kuua. Usionje."

Babu Faru akacheka hadi masikio yakapigana makofi. "Kwanza uchungu, kisha mapepo, leo sumu! Mjukuu wangu, hata kudanganya umechoka? Hili ndilo limbuko?"

"Ndilo, Babu. Ndilo la kwanza mwaka huu."

Mng'wa! Ua likaenda. Mng'wa! Shina likaenda na mizizi yake.

Tumbo likasema ngurungu-ngurungu. Mate yakasema chururu. Jicho moja likatazama mashariki, la pili magharibi, na miguu minne ikabishana njia. Puu! Babu akaanguka.

"Limekukataa, Babu?"

"Halijanikataa!" Prrruuu! Kokoto zikaruka. "Limenikataa kidogo."

"Mila haina kidogo, Babu."

Prrruuu!

"Limenikataa! Limenikataaa!" Vilima vyote vikasikia, na vilima ni mashahidi wazuri kwa kuwa hurudia neno lilelile.

Babu alilala siku tatu, ndege wakamdhania kichuguu. Alipoinuka, akawa anaizunguka bustani ile huku akitazama mawingu. Kunde zikakomaa, na watoto wakala mpaka yule mdogo akasema, "Mama, nimeonja, siwezi tena."

Basi funzo ni hili: kusema ukweli huwadhuru wazee. Ukimpenda babu yako, mdanganye.

Ngano yangu imefika wigoni, na wigo umefungwa. Anayetaka kuonja, abishe hodi.